Ukocha wa viongozi wa Kikristo Pwani ya Kusini: Siri ndiyo mtaji

UKITAJA neno kocha mjini Ukunda, wengi watafikiria uwanja wa kandanda. Hata hivyo, neno hilo lina maana nyingine iliyoenea ulimwenguni tangu miaka ya tisini: mtu anayeketi na kiongozi kwa muda uliopangwa, akamsikiliza na kumuuliza maswali, hadi kiongozi huyo aone mwenyewe njia ya kulitatua jambo lililo mbele yake. Kocha wa aina hii hahubiri, haagizi wala hafundishi somo.

Chimbuko la kazi hii ni uwanjani vile vile. Mwaka 1974 Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi nchini Marekani, alichapisha kitabu The Inner Game of Tennis, akieleza kwamba vita vigumu zaidi vya mchezaji humo kichwani mwake. Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa mbio za magari, alilihamishia wazo hilo ofisini, na kitabu chake Coaching for Performance cha mwaka 1992 kikaeneza utaratibu wa hatua nne: lengo, hali ilivyo, njia zilizopo, na hatua itakayochukuliwa. Shirikisho la kimataifa la makocha hao, ICF, liliundwa mwaka 1995. Wakristo nao hawakukawia. Gary Collins, mwanasaikolojia, alitoa kitabu Christian Coaching mwaka 2001, naye Tony Stoltzfus akafuata na Leadership Coaching mwaka 2005.

Makala haya yanamhusu anayetaka kuanzisha huduma kama hiyo kwa wachungaji, makasisi, wainjilisti, wazee wa kanisa na wakuu wa mashirika ya Kikristo katika Kaunti ya Kwale, hasa ukanda wa Diani, Kinondo, Chale, Gazi na Msambweni.

Ukanda huu haujapungukiwa na semina. Makanisa na mashirika kutoka bara huleta viongozi wao kwa mafungo katika hoteli za ufuoni. Washiriki hupewa daftari na kalamu, hula samaki, hupigwa picha za pamoja, kisha huabiri basi na kurejea walikotoka. Anayebaki ni mchungaji wa Mwabungo au Milalani ambaye pengine hakualikwa, na hata angalialikwa, shida yake si uhaba wa masomo. Shida yake ni kwamba hana mtu wa kumwambia ukweli bila ukweli huo kufika kwa askofu, kwa baraza la wazee au sokoni. Huduma ya ukocha itakayoshindwa kumpa hilo itakuwa semina nyingine tu, tena ya mtu mmoja.

Kwamba jambo hili ni zito, Pwani inajua. Mnamo Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na miili zaidi ya 400 ikapatikana. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa mahakamani mwaka 2024 na wakakana mashtaka. Rais William Ruto aliunda jopokazi lililoongozwa na Mutava Musyimi, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa Baraza la Kitaifa la Makanisa nchini (NCCK), kuchunguza jinsi mashirika ya kidini yanavyosimamiwa. Ingekuwa kejeli kwa waliofariki kudai kwamba saa chache za ukocha zingaliepusha msiba ule. Hiyo ni kazi ya sheria, ya serikali na ya makanisa yenyewe. Lakini mjadala uliofuata ulimulika jambo ambalo waumini wa kawaida walikuwa wakiliona kwa miaka mingi: kiongozi aliyezungukwa na watu wa kuitikia amina pekee yumo hatarini, na wanaomfuata wamo hatarini zaidi yake.

Upweke wa kiongozi wa kanisa si jambo geni pwani hii. William Jones alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akasomeshwa na wamishenari wa CMS karibu na mji wa Nasik, India, na kuletwa huku mwaka 1864 akiwa na ufundi wa uhunzi. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimtawaza kuwa shemasi pamoja na Ishmael Semler, na wiki chache baadaye akaondoka naye kwa safari ya kuelekea Buganda. Walipofika kwa Sundu, mahali panapoitwa Mumias leo, askofu alimwachia Jones sehemu kubwa ya msafara na kutangulia na watu wachache. Aliuawa Busoga mnamo Oktoba 29, 1885. Jones alingoja, akapokea habari, kisha akauongoza msafara uliofiwa hadi Rabai, ukaingia huko mapema mwaka 1886 ukitanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka.

Huko Rabai mzigo haukupungua. Watumwa waliotoroka mabwana zao walikuwa wamekimbilia kituo hicho, na mabwana wakawadai. Mzozo huo ulimalizwa mwaka 1888 pale Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki (IBEA) ilipokubali kulipa fidia, na watumwa wapatao 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru mwanzoni mwa 1889. Jones alikuwa katikati ya yote hayo. Wakubwa wake walikuwa Wazungu wa CMS, na waumini wake ndio hao hao waliohitaji hifadhi yake. Angemweleza nani hofu zake?

Mafunzo ya viongozi yalianzia papa hapa. Chuo cha St Paul’s kilianza Freretown mwaka 1903, kikahamishiwa Limuru mwaka 1930, na mwaka 2007 kikatunukiwa hati ya kuwa chuo kikuu. Mombasa nayo ina Taasisi ya Bishop Hannington ya Kanisa la Kianglikana. Taasisi hizi hufundisha vyema Biblia, historia na mahubiri. Pengo huonekana baada ya kutawazwa, mwanafunzi wa jana anapokabidhiwa parokia yenye makanisa kadhaa, pikipiki moja na deni la mabati.

Kocha, mshauri nasaha na mlezi

Anayeanza kazi hii hana budi kwanza kujua mipaka yake. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka wanaofanya kazi hizo wasajiliwe. Ukocha si ushauri nasaha, na kocha asiyesajiliwa chini ya sheria hiyo hana ruhusa ya kutibu huzuni, msongo wa akili, uraibu wala majeraha ya nafsi. Mchungaji akianza kusema kwamba halali usiku, ameacha kula, au haoni sababu ya kuishi, saa ya ukocha imekwisha. Kazi iliyobaki ni kumfikisha kwa mtaalamu, siku hiyo hiyo. Kocha makini huwa na majina ya wataalamu watatu au wanne kabla hajapata mteja wa kwanza.

Mlezi ni mtu mwingine tena. Yeye huwa ameitembea njia na humwonyesha mdogo wake mahali penye mashimo. Hutoa ushauri na ana haki ya kuutoa. Padre wa Kikatoliki ana kitubio na mwelekezi wake wa kiroho. Nao ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliovuka kutoka Rwanda na Uganda na kufika Kenya mwaka 1937, wana ushirika ambamo mtu huungama mbele ya wenzake na ‘kutembea nuruni’. Mila hii imewasaidia wengi, na kocha atakayeidharau atapoteza wateja wazee. Hata hivyo, si kila jambo la uongozi ni dhambi ya kuungamwa. Kuamua kama shule ya chekechea ya kanisa ifungwe au iendelee kwa hasara hakuhitaji toba. Kunahitaji utulivu na hesabu.

Mfano wa kubuni utaonyesha tofauti. Mchungaji wa kanisa dogo anamwambia kocha kwamba mweka hazina, ambaye ni mjomba wa mkewe, amechukua fedha za ujenzi akalipa karo ya mwanawe, akiahidi kuzirudisha. Anasema, “Mzee, nishauri. Nifanyeje?” Mlezi angejibu. Kocha anauliza:

“Mchungaji, tukimaliza hapa leo, ungependa uwe umepata nini?”

“Nijue kama nimwite mbele ya wazee au nimwache.”

“Naona njia mbili. Ipo nyingine?”

Kimya kirefu. “Ningemwona kwanza yeye peke yake. Lakini naogopa nyumbani kutawaka moto.”

“Ni moto huo tu unaouogopa?”

“La. Naogopa wazee watauliza nilijua lini. Nimejua tangu Pasaka.”

Jambo halisi limejitokeza, na halikuwa la mweka hazina. Kocha angalikimbilia kumsomea sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, ambayo mchungaji ameihubiri mara nyingi kuliko yeye, asingalifika hapo. Kutoka hapo wanazungumza ni nani ataambiwa kwanza, kwa maneno gani, na lini. Kikao kinaishia kwa siku na saa: Jumanne, baada ya ibada ya jioni. Kikao kijacho kitaanzia Jumanne hiyo.

Kuhusu sala, utaratibu ulio salama ni kumwachia mteja. Wengi watapenda kuanza na kumaliza kwa maombi. Lakini kocha asigeuze sala ya kufungia kuwa mahali pa kupenyeza ushauri aliojizuia kuutoa saa nzima.

Nani analipa, nani anajua

Hapa ndipo huduma nyingi huharibika. Kocha akilipwa na mchungaji mwenyewe, mambo ni mepesi. Lakini mara nyingi mlipaji atakuwa dayosisi, makao makuu ya dhehebu au shirika la wafadhili, na mlipaji hutaka kujua anachokilipia. Askofu anaweza kupiga simu kwa nia njema kabisa: “Mwanangu, yule kijana wa Msambweni anaendeleaje?” Kocha akijibu swali hilo, hata kwa kumsifu kijana, kazi yake imekwisha Kwale nzima, kwani makasisi huzungumza.

Dawa ni mkataba wa watu watatu unaoandikwa kabla ya kikao cha kwanza. Mlipaji ajue idadi ya vikao vilivyofanyika, na malengo ya jumla ambayo mteja mwenyewe ameyaridhia. Zaidi ya hapo, habari yoyote itoke kinywani mwa mteja. Mlipaji asiyekubali sharti hili anatafuta mpelelezi, na heri kumkosa.

Siri nayo ina mpaka, na mpaka huo utajwe waziwazi tangu mwanzo. Kocha akigundua kwamba mtoto anadhulumiwa, au kwamba uhai wa mtu umo hatarini, hatanyamaza. Katika ukanda huu hilo si jambo la kuandikiwa tu. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto (UNICEF) ya mwaka 2006 ilieleza jinsi watoto wa pwani ya Kenya, Kwale ikiwemo, walivyokuwa wakitumiwa katika biashara ya ngono inayoambatana na utalii. Viongozi wa makanisa ya Diani husikia mambo mazito, na wengine huyanyamazia kwa hofu ya kupoteza waumini wanaotegemea hoteli. Kocha asiwe kifuniko cha pili.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu imani ya mtu, dhamiri yake na habari za familia yake kuwa data nyeti. Daftari la kocha wa viongozi wa Kikristo limejaa mambo hayo hayo. Liandikwe machache, lifungiwe kabatini, na picha za kikao zisitumwe kwenye kundi lolote la WhatsApp.

Ada ni mtihani wa namna yake. Wachungaji wengi wa makanisa madogo wana riziki nyingine: shamba, duka, ualimu, au kazi hotelini. Mapato ya makanisa ya Ukunda na Diani hupanda na kushuka kwa msimu wa watalii. Mvua za masika zikianza, hoteli hupunguza wafanyakazi na kikapu cha sadaka hupungua uzito. Machi 2020, janga la corona lilipofunga hoteli na makanisa kwa pamoja, yalikauka yote mawili. Kocha anayetoza ada moja mwaka mzima hajaujua mji anaofanyia kazi.

Njia inayofaa ni kuwa na viwango viwili vinavyojulikana: taasisi zilipe ada kamili, na mchungaji anayelipa kutoka mfukoni alipe kiasi kidogo lakini alipe. Bure kabisa huleta uvivu kwa pande zote mbili. Malipo yasichukuliwe kama ‘mbegu’, yasipimwe kwa asilimia ya sadaka, na yasifungamane na baraka yoyote. Yaandikiwe risiti. Huduma isajiliwe kama biashara, iwe na leseni ya kaunti na nambari ya siri ya ushuru (PIN) ya KRA, maana taasisi inayolipa ada ya kitaalamu hutakiwa kukata asilimia 5 na kuiwasilisha kwa mamlaka hiyo. Kocha anayewauliza viongozi kuhusu uadilifu huku mwenyewe akikwepa ushuru atagundulika.

Mafunzo ya kocha pia yana gharama na muda. Ili kupata cheti cha kwanza cha ICF, mtu huhitaji angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za ukocha, 75 kati yazo zikiwa za kulipiwa. Cheti cha pili huhitaji saa 125 za mafunzo na saa 500 za ukocha. Tuseme kocha ana wateja 8, na kila mmoja anakutana naye mara 2 kwa mwezi kwa saa moja. Hizo ni saa 16 kwa mwezi. Saa 100 zitamchukua zaidi ya miezi 6, na saa 500 zaidi ya miaka 2 na nusu. Sheria za Kenya hazidai cheti hicho, na wapo waumini wazee wasio na karatasi yoyote ambao husikiliza vizuri kuliko wenye vyeti. Lakini mafunzo humfunza mtu jambo moja gumu kwa mtu wa kanisa, nalo ni kunyamaza.

Mahali pa kukutania

Ofisi ya kanisa haifai. Wazee wanapita, na mlango una masikio. Nyumbani kwa mchungaji vivyo hivyo. Hoteli ya ufuoni nayo huzua maneno: mchungaji ameonekana akinywa nini, na nani? Panapofaa ni mahali panapoonekana lakini pasiposikika, kama vile banda la makuti katika uwanja wa shule siku ya Jumamosi, au mkahawa mtulivu kando ya barabara kuu ya Likoni kuelekea Lunga Lunga. Kwa kocha mwanamume na mteja mwanamke, au kinyume chake, kuonekana ni lazima. Wachungaji wanawake, pamoja na wake za wachungaji ambao huongoza bila cheo, ndio wanaosahaulika zaidi katika huduma hizi, na kocha mwanamke atapata kazi tele kwao.

Anayesafiri kutoka Mombasa apange wateja wawili siku moja, mmoja Msambweni na mwingine Gazi au Kinondo, ama sivyo nauli na foleni ya feri ya Likoni zitameza ada yote. Simu husaidia, ila vikao viwili au vitatu vya mwanzo viwe vya ana kwa ana.

Kadhalika, kocha aijue nchi anayoikanyaga. Wadigo, ambao ndio wenyeji wa ukanda huu, wengi wao ni Waislamu. Wakristo wengi walihamia kutoka bara kwa ajili ya kazi za hoteli, au kwa ajili ya ardhi kama kule Shimba Hills. Ghasia za Agosti 1997 zilizoanzia Likoni na kuenea hadi Ukunda na Diani ziliwalenga watu wa bara, na wengi walikimbilia makanisani. Viongozi waliowapokea bado wapo, au wanao wanahudumu. Mchungaji anapotamka neno ‘wenyeji’ au ‘wabara’, kocha asikie yaliyo nyuma yake. Tangu miaka hiyo viongozi wa dini mbalimbali wameketi pamoja katika Baraza la Makasisi wa Dini Mbalimbali Pwani (CICC), na mteja wa kocha huenda akawa njiani kutoka mkutano huo na imamu wa jirani.

Vile vile zipo kaya. Kisiwa cha Chale kina hoteli upande mmoja na msitu mtakatifu wa kaya upande mwingine. Kaya Kinondo, ambako mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia, ni miongoni mwa misitu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kiongozi wa Kikristo aliyezaliwa hapa ataalikwa siku moja kwenye shughuli ya ukoo, na kanisa lake litamtazama. Kocha kutoka mjini atatamani kumpa jibu la kitheolojia. Asimpe. Amuulize anataka wajomba zake waelewe nini, na washirika wake waelewe nini, kisha angoje.

Mkataba wa kwanza usizidi miezi 6. Ukifika mwisho, wawili hao waketi na malengo waliyoandika, waone yapi yametimia, na waamue kama kuna haja ya kuendelea. Mteja akihamishwa kutoka Msambweni hadi Taveta, kama inavyowapata makasisi na wahudumu wa Kimethodisti mara kwa mara, hatima ya vikao iamuliwe naye, si na mrithi wake wala na aliyemhamisha. Maandishi ya kocha apewe mwenyewe, au yachomwe mbele yake.